Nilibonyeza "Ruhusu", mama akalipa: kwa nini simu itueleze inachokitaka

Leo nina jambo refu kidogo, mnivumilie. Linahusu kile kitufe kidogo kilichoandikwa "Ruhusu" ambacho wote tunakibonyeza bila kufikiri.

Nianze na kitu ambacho mtu wa Ngara hahitaji kuelezwa. Ukishuka Rusumo, au ukienda Kabanga kule mpakani, simu yako inaweza kukuibia saa nzima. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukiitazama tena inasema saa tatu. Sababu yake ni ndogo tu. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikidaka mnara wa upande wa pili, na kama imewekwa ichukue saa kutoka kwenye mtandao, inajirekebisha yenyewe. Mpangilio huo hukuuweka wewe, umekuja na simu. Kuuzima ni dakika moja. Lakini hakuna aliyekuambia upo, wala unafanya nini ukiwa mpakani. Nimeshamwona kijana kafika kwenye usaili kachelewa saa nzima, anaapa kabisa kwamba kawahi, anawaonyesha simu yake!

Hiyo ya saa tunaicheka mpaka leo. Hii ya pili sikuicheka.

YALIYONIKUTA

Kwetu ni Rulenge, ila shughuli zangu ziko Biharamulo mjini. Nina steshenari yenye kompyuta nne, tunachapa, tunatoa kopi, tunasaidia watu kuomba ajira na vijana kuomba mkopo wa chuo. Agosti 2023, katikati ya msimu wa maombi ya chuo, wino wa printa ukaisha na mfukoni sina kitu. Wanafunzi wamejaa mlangoni. Nikakumbuka tangazo la mkopo wa haraka nililoliona kwenye simu: dakika tano, hakuna dhamana, hakuna mdhamini. Nikabonyeza linki, programu ikashuka. Simu ikanionya kwamba programu hiyo haitoki kwenye duka lake la kawaida. Nikabonyeza endelea.

Ilipofunguka ikaniuliza maswali manne, moja baada ya jingine. Inaomba kufikia anwani zangu. Inaomba kuona meseji. Inaomba kujua mahali nilipo. Inaomba kamera. Mimi nikabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, kama mtu anayefukuza nzi. Niliomba shilingi 50,000. Iliyoingia ni 36,000, nyingine wamekata juu kwa juu wakaiita gharama za huduma. Kurudisha ni 50,000 ndani ya siku saba.

Siku ya saba sikuwa nayo kamili. Siku ya nane, saa mbili usiku, mama akapiga. Mama hanipigii usiku.

"Mwanangu, umefanya nini huko Biharamulo?"

"Kwani vipi mama?"

"Kuna mtu kanitumia meseji. Anasema wewe ni tapeli na mimi ndiye mdhamini wako. Anasema kesho wanakuja na polisi."

Mama yangu hana simu janja. Ana kitochi, na macho yake siku hizi hayaoni maandishi madogo. Hiyo meseji alisomewa na mtoto wa jirani. Kwa hiyo jirani alijua, na kufika asubuhi kitongoji kizima kilikuwa kinajua. Nikamwambia mama asilipe kitu, nitalimaliza mwenyewe. Kumbe mtu aliyetishiwa polisi halali. Asubuhi akauza madebe mawili ya maharage aliyoyatunza kwa mbegu, kwa bei ya haraka haraka, akaenda kwa wakala akatuma 60,000 kwenye namba iliyokuwa kwenye ile meseji. Mchana wa siku hiyo hiyo na mimi nikalipa deni langu, pamoja na faini yao. Ile 60,000 ya mama haijarudi mpaka leo, na namba ile haikupatikana tena.

Baadaye nikaja kujua wengine waliopata meseji ya aina hiyo. Mwalimu wangu wa sekondari. Fundi baiskeli wa Nyakahura. Mzee mmoja wa kanisa. Jamaa wa Benaco ambaye niliwahi kumpigia mara moja tu kuulizia bei ya betri ya sola. Wote hao waliambiwa mimi ni mwizi. Wengine walinipigia, wengine walinyamaza, na hao walionyamaza ndio wanaonisumbua akilini zaidi.

Mwezi wa tisa mvua zilipoanza, mama akaazima mbegu.

Sasa sikuandika haya ili mnionee huruma. Kukopa nilikopa mwenyewe na kuchelewa nilichelewa. Ninachotaka tukitazame ni yale maswali manne. Programu ILINIULIZA, na mimi NILIKUBALI. Je, hiyo ilikuwa ruhusa kweli?

RUHUSA NI NINI HASA?

Kwa wale ambao hawajui simu inavyofanya kazi ndani, nieleze kwa mfano wa gesti. Chukulia simu yako ni gesti. Kila programu unayoiweka ni mgeni, na kila mgeni anapewa chumba chake na ufunguo wake. Mgeni wa chumba namba 3 hawezi kufungua begi la mgeni wa chumba namba 5. Android imejengwa hivyo kwa makusudi: kila programu inaendeshwa kama mtumiaji tofauti mwenye eneo lake, haiingii kwa mwenzake.

Lakini kuna vitu ambavyo havikai chumbani kwa mgeni yeyote, vinakaa mapokezi. Kitabu cha wageni, simu ya mezani, funguo za stoo. Kwenye simu yako hivyo ni namba za watu, meseji, kamera, maikrofoni, mahali ulipo. Mgeni akivitaka lazima aje mapokezi aombe. Mhudumu wa mapokezi, yaani mfumo wa simu, anakugeukia wewe mwenye gesti: "Bosi, huyu wa chumba namba 3 anataka kitabu cha wageni. Nimpe?"

Sasa jiulize wewe mwenye gesti, swali la kwanza utakalomuuliza ni lipi? Ni "ANAKITAKIA NINI?" Akikujibu "hajasema", utampa? Mwenye gesti yeyote pale Lusahunga angemfukuza. Lakini kwenye simu tunampa, kila siku.

Tatizo ndilo hilo. Mfumo unatuambia NINI kinatakiwa. Hautuambii KWA NINI. Na hautuambii tukikataa itakuwaje, kama programu itakufa kabisa au itaendelea bila hicho kitu.

Ongezeni na suala la lugha. Kwenye simu nyingi zilizowekwa Kiswahili, kile kitabu cha namba za watu kimeitwa "Anwani". Jamani, kwetu anwani ni S.L.P.! Anwani ni ile unayoandika juu kulia kwenye barua ya maombi ya kazi. Mtu anakuuliza kama anaweza kufikia anwani zako, unadhani anataka kujua unaishi wapi, na kwa mkopo hilo linaingia akilini kabisa. Nimewauliza wateja wangu hapa dukani, vijana waliomaliza kidato cha nne, "anwani" hapo maana yake nini. Wengi walinijibu kama nilivyoelewa mimi. Kama swali lingesema "Programu hii inataka kuchukua majina na namba za watu wote uliowahifadhi", nadhani hata mimi na shida zangu za wino ningesita.

TULIFIKAJE HAPA

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Kabla ya mwaka 2015, ukiweka programu kwenye simu ya Android ulionyeshwa orodha ndefu ya ruhusa mwanzoni, yote kwa pamoja. Unakubali zote au programu huipati. Hakuna cha kuchagua. Ilipokuja Android 6.0 mwaka 2015, mambo yakabadilika: programu ikaanza kuomba ruhusa nyeti moja moja wakati inapozihitaji, na ukawa na uwezo wa kukataa moja ukakubali nyingine, au kuiondoa baadaye. Android 11 ya mwaka 2020 ikaongeza ruhusa ya mara moja tu kwa kamera, maikrofoni na mahali, na ikaanza kuzinyang'anya ruhusa programu ambazo hujazigusa kwa miezi kadhaa. Android 12 ya mwaka 2021 ikaweka alama ndogo juu ya kioo inayokuonyesha kamera au maikrofoni ikiwa inatumika.

Hayo yote ni mazuri na tushukuru. Lakini angalieni: muda wote huo sababu iliachwa mikononi mwa aliyetengeneza programu. Kwenye Android mtengenezaji ANASHAURIWA aeleze kwa nini anataka ruhusa fulani. Asipoeleza, dirisha la swali linatokea vile vile.

Kwenye iPhone walichukua njia nyingine. Tangu iOS 10 mwaka 2016, programu inayotaka kamera, namba za watu au mahali ulipo lazima iwe na sentensi ya sababu iliyoandikwa na mtengenezaji, na sentensi hiyo inatokea ndani ya dirisha lile lile la swali. Programu isiyo na sentensi hiyo ikijaribu kugusa vitu hivyo, simu inaizima. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Inawezekana na imefanyika miaka mingi. Bahati mbaya huku kwetu tulio wengi tuna Android.

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo naipenda kuwasimulia vijana. Kulikuwa na programu ya tochi iitwayo Brightest Flashlight, ya kampuni ya Goldenshores Technologies. Tochi tu, ya kuwashia taa ya simu. Ilikuwa imepakuliwa mara makumi ya mamilioni. Kumbe ilikuwa inatuma mahali alipo mtumiaji na namba ya utambulisho ya simu yake kwa watu wengine, wakiwemo wa matangazo. Desemba 2013 tume ya serikali inayolinda walaji kule, FTC, ikafikia makubaliano na mtengenezaji. Mojawapo ya masharti ni kwamba awaeleze watumiaji lini, vipi na kwa nini taarifa za mahali walipo zinachukuliwa. Tochi inataka kujua uko wapi ya nini? Mtu akilazimika kuandika sababu, sababu ya kijinga inaonekana yenyewe.

WANAOPINGA WANASEMAJE

Nimebishana na washikaji kuhusu jambo hili, na hoja zao si za kupuuza.

Hoja ya kwanza: watu hawasomi. Ukiwawekea maelezo watabonyeza tu. Hii ina ukweli. Wale wa zamani wa kafe mtakumbuka Windows Vista ilipotoka mwaka 2007. Kila ukigusa kitu kompyuta inafanya kioo kuwa giza na kuuliza kama una uhakika. Watu wakachoka, wakawa wanabonyeza ndiyo bila kuangalia, wengine wakaizima kabisa. Windows 7 ilipokuja mwaka 2009 ikapunguza maswali hayo. Funzo ninalolipata ni kwamba maswali mengi yasiyo na maana yanazaa uzembe. Vista ilikuuliza KAMA una uhakika, haikukusaidia kuupata. Sentensi moja fupi, kwa lugha ya simu yako, wakati ule ule programu inapotaka kitu, si sawa na maswali ishirini ya kero wala kurasa arobaini za masharti ambazo hata mwanasheria hamalizi.

Hoja ya pili: mwongo ataandika uongo. Wale wa mkopo wangeandika "tunataka namba za watu ili kuboresha huduma". Ni kweli, na hata kwenye iPhone kuna sababu zimeandikwa kwa maneno matamu yasiyosema kitu. Lakini fikirini kidogo. Leo mtu hajaandika chochote, kwa hiyo huna cha kumshika nacho. Akiandika "tunachukua namba ili kuhakiki utambulisho wako" halafu akazitumia kumtishia mama yako, umepata ahadi iliyovunjwa. Ipige picha ya skrini, itunze. Sababu iliyoandikwa haimzuii mwongo kudanganya, ila inamwachia mwathirika ushahidi.

Hoja ya tatu: mwenye shida atakubali tu, hata umweleze vipi. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na shida. Siwezi kuapa kwamba ningekataa. Hapa nakubali kuwa maelezo peke yake hayatoshi. Kuna vitu ambavyo mpangilio wa mwanzo unapaswa kuwa HAPANA, na mkopeshaji akatazwe hata kuviomba. Nashukuru wengine wameliona hilo. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023, Google ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizoko Play Store kufikia namba za watu na picha zao. Lakini mnaona mwanya ulipo? Ile ya kwangu haikutoka Play Store. Ilikuja kwa linki. Sheria za duka hazimfuati anayeuza nje ya duka.

HALAFU KUNA MAMA

Hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Yale maswali manne niliulizwa MIMI. Lakini zile namba si zangu peke yangu. Ni za mama, za mwalimu, za fundi baiskeli. Mama hakupakua programu, hakusoma masharti, hata kioo cha kubonyeza "Ruhusu" hana. Mimi nilimruhusia bila kujua, na aliyelipa kwa mbegu zake ni yeye.

Ndiyo maana naona maelezo ni lazima, na yaseme wazi ni mali ya nani inayoguswa. Ukiwa na namba za watu 300 kwenye simu wewe ni mtunzaji wa siri za watu 300. Mfumo ukikuuliza kwa neno lisiloeleweka, bila sababu, unakufanya uwauze watu 300 huku ukidhani unataja sanduku lako la posta.

Wakenya walilipata hili mapema. Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda taarifa binafsi iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000. Kosa lilihusu kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine na kuwatumia meseji na simu za vitisho. Yaani watu kama mama yangu.

KWETU SHERIA IPO

Wengi hawajui, ila Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata kabla yake, Ibara ya 16 ya Katiba ilikuwa inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Sheria hii inataka anayekusanya taarifa zako akuambie anazikusanya kwa lengo gani, na asizitumie kwa lengo jingine. Yaani lile neno "kwa nini" ambalo simu hailisemi, sheria inalidai. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024, na kupeleka malalamiko huko ni haki yako.

Upande wa mikopo yenyewe, Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2024 ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Sitini na tisa! Mtaani tunaiita mikopo ya kausha damu, na wengi tulidhani kausha damu ni yule mama wa mtaani mwenye daftari. Kumbe imehamia mfukoni.

Ninachoomba ni kwamba sheria na simu viongee lugha moja. Kama sheria inasema lengo litajwe, basi lisitajwe ukurasa wa 17 wa masharti kwa Kiingereza. Litajwe pale pale kwenye swali, kwa Kiswahili cha watu: nataka nini, kwa ajili gani, ni mali ya nani, na ukikataa nini kitatokea. Sentensi mbili zinatosha.

WAKATI TUNASUBIRI, FANYA HIVI

Hayo yatachukua muda. Wewe uliyeko hapo kafe anza na haya leo leo, hayana gharama:

1. Fungua Mipangilio, ingia Programu, chagua programu moja, kisha gusa Ruhusa. Utaona imepewa nini. Kwenye simu nyingi mpya kuna pia Kidhibiti cha ruhusa ndani ya sehemu ya Faragha, kinachokuonyesha kwa mpigo ni programu gani zote zinazofikia namba zako au meseji zako.

2. Kwa kila ruhusa jiulize kama mwenye gesti: anakitakia nini? Ramani kutaka mahali ulipo, sawa. Kikokotoo kutaka meseji, hapana. Huna jibu? Ondoa. Programu ya kweli ikihitaji itakuomba tena, na hapo utajua inahitaji kwa kazi gani.

3. Meseji ziangalie mara mbili. Humo ndimo zinapoingia namba za siri za mara moja za benki, na taarifa za pesa zako za simu. Anayesoma meseji zako anajua una shilingi ngapi.

4. Programu ukitumiwa kwa linki au kwa WhatsApp, kumbuka hakuna duka lililoikagua. Hasa ya mkopo. Angalia kwanza kwenye tovuti ya Benki Kuu kama mwenye nayo ana leseni.

5. Ukishapewa vitisho, usifute. Piga picha skrini, tunza namba na tarehe. Na wapigie watu wako wa karibu KABLA hawajapigiwa: "Ukipata meseji yoyote ya deni langu, usilipe." Mimi nilichelewa kwa hilo.

6. Na nyie wa kompyuta za kafe: ukimaliza kuingia kwenye akaunti yako, kivinjari kinakuuliza kama kihifadhi nenosiri. Nacho hakikuambii kwamba kompyuta hii itatumiwa na watu wengine baada yako. Jibu hapana, toka kwenye akaunti, ndo uondoke. Kwangu dukani nimezima mpangilio huo kwenye mashine zote nne, na nimebandika karatasi ukutani inayoeleza kwa nini nimeuzima. Wateja wanaisoma wakisubiri printa. Kwa hiyo ile hoja kwamba watu hawasomi, mimi naipinga kwa karatasi moja na gundi.

Nimalizie na hili. Mwaka jana nilienda Rulenge kumsalimia mama. Nikamweleza kwa mara ya kwanza ilivyokuwa, kwamba ile programu iliniomba namba, na mimi nikairuhusu bila kuelewa. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono iko kwenye ungo anachambua maharage. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na mimi, nani aliniomba?"

Sikuwa na jibu. Nimewaletea nyie wadau. Wenye mawazo tofauti, na wenye yaliyowakuta kama yangu, uwanja ni wenu hapo chini. Ila msitaje namba ya mtu humu bila ruhusa yake.

Nawasilisha.